Ukurasa wa Rejesta kutoka Makere

Hotuba kwa walimu, wazazi na wanafunzi, Dar es Salaam

Shikamooni wakubwa zangu. Wadogo zangu na wanangu, habari za jioni. Namshukuru mwenyekiti kwa kuniambia mapema kwamba nije niseme ninachokijua, nisihangaike na itifaki. Nitafanya hivyo.

Kwa miaka mingi, ukikaa Uwanja wa Ndege wa Julius Nyerere ukawa na macho ya kuangalia, ungewaona. Familia ya watu saba au wanane wamekaa kwa mstari, baba mwanzo, mama mwisho, watoto katikati. Suti ya baba imemzidi mabega. Watoto wamevaa majaketi mazito katika joto letu hili, kwa kuwa wameambiwa waendako kuna baridi. Na mkubwa wao amekumbatia mfuko mweupe wa plastiki wenye herufi tatu za bluu, IOM, yaani Shirika la Kimataifa la Uhamiaji. Hauwachi hata akienda msalani. Ndani mna vibali vya safari, vyeti vya afya, kadi za chanjo, picha za eksirei ya kifua.

Nimewaaga watu hao mara nyingi. Nilifundisha Kiingereza miaka sita katika kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, na wanafunzi wangu walipopita hapa mjini kwenda Marekani, Kanada au Australia nilipanda daladala nikaenda kuwaona. Imenichukua muda mrefu kugundua kitu kimoja kuhusu mfuko ule. Kila karatasi ambayo serikali ya ugenini inaitaka ili mtoto aingie, imo. Karatasi ambayo shule ya ugenini inaitaka ili ijue mtoto huyu amesoma nini, mara nyingi haimo.

Tunapojiuliza kwa nini kijana aliyeondoka na ndoto ya uhandisi leo anafunga maboksi ghalani, jibu tunalitafuta Marekani. Mimi nasema nusu ya jibu iko Kasulu. Na kama iko Kasulu, basi iko mikononi mwetu.

Kwa wasiopajua: Nyarugusu iko wilayani Kasulu, mkoani Kigoma, ukifika Makere unaingia ndani. Kambi ilifunguliwa 1996, Wakongomani wa Kivu Kusini walipovuka Ziwa Tanganyika wakikimbia vita. Wengi ni Wabembe wa Fizi. Mwaka 2015 wakaja Warundi, pakajaa, watoto wakawa wanasoma kwa zamu, wengine asubuhi na wengine mchana. Kijana wa miaka 17 utakayemkuta pale, kuna uwezekano mkubwa kwamba amezaliwa palepale. Tunamwita mkimbizi, na neno hilo limetoka kwenye kukimbia, ila yeye hajakimbia popote. Amekua akiona kilima kilekile na foleni ileile ya bomba la maji.

Sera yetu inataka wakimbizi wasome kwa mtaala wa nchi walikotoka, ili siku ya kurudi wasiwe wageni kwao. Naielewa sababu hiyo na siibezi. Mtoto wa Kikongomani anasoma kwa Kifaransa na akimaliza anafanya mtihani wa taifa wa Kongo. Nyumbani anaongea Kibembe na Kiswahili. Kiingereza kwake ni somo la vipindi vichache. Halafu siku moja, miongoni mwa mamia ya majirani, jina la baba yake linatoka. Ni bahati ya wachache mno: duniani kote, wakimbizi wanaohamishiwa nchi ya tatu kwa mwaka hawafiki hata 1 katika kila 100. Mtoto aliyeandaliwa kwa ajili ya Bukavu na Kinshasa anapelekwa Kentucky, Marekani.

Mmoja wao nitamwita Kijana tu, maana jina lake si langu kulitangaza. Alikuwa amemaliza mwaka wa tano wa sekondari, mchepuo wa hisabati na fizikia, kwa wastani wa asilimia 62. Sasa hapa naomba walimu mnisikilize. Kwa Wakongomani, 50 ni kufaulu, 60 ni mtu wa kuheshimiwa, na 70 nyumba nzima inasherehekea. Kwetu, Kidato cha Nne, 62 ni C. Katika shule nyingi za Marekani 62 ni D, alama ya mtoto aliyeponea chupuchupu. Namba ni ileile, mtoto ni yuleyule, na kila mpaka anaovuka unamfanya mjinga zaidi. Hata kama angefika na ripoti zake mkononi, bila mtu wa kueleza kwamba hii 62 ni ya wapi, zingemwangusha.

Lakini hakufika nazo. Ripoti zake, wao huziita buletini, zilikuwa kwa mwalimu mkuu zikisubiri muhuri. Majina ya safari yakabandikwa ubaoni, wiki iliyofuata familia ikaondoka. Nani angemwambia baba mwenye watoto sita arudi kudai muhuri?

Alinipigia WhatsApp saa tisa usiku, kwao ilikuwa jioni. “Mama mwalimu,” akaniambia kwa kile Kiswahili chao cha Fizi, “banasema nianze upya.” Walikuwa wamemweka darasa la tisa, pamoja na watoto wa miaka 14. Sekondari ya Marekani huhesabu masomo uliyofaulu moja baada ya jingine, unayakusanya mpaka yatimie ndipo uhitimu. Asiye na ripoti anaanza na sifuri, hata kama kichwani ana kalkulasi. Na muda haumsubiri, kwa sababu shule ya bure ina kikomo cha umri, katika majimbo mengi ni karibu na miaka 21. Fanyeni hesabu wenyewe: kijana wa 17, miaka minne mbele yake, na kila muhula atakaofeli unamsogeza mlangoni.

Wakampa jaribio la hesabu za kiwango cha darasa letu la saba. Akakosa nusu. Nilimwomba anipigie picha ya karatasi. Maswali yalikuwa hadithi: fulani ameingia dukani, koti lina punguzo la bei, kuna kodi juu yake, ana kuponi, alipe kiasi gani? Hesabu ilikuwa nyepesi. Hadithi ndiyo iliyomshinda. Hakujua kuponi ni mnyama gani.

Jim Cummins, mtaalamu wa elimu wa Kanada, alionyesha tangu miaka ya 1980 kwamba mtoto mhamiaji huokota Kiingereza cha kuongea kwa takriban miaka 2, lakini Kiingereza cha kusomea humchukua miaka 5 hadi 7. Ninyi mnaofundisha Kidato cha Kwanza hamhitaji kuambiwa na Kanada. Mtoto amekuja kutoka darasa la saba na A ya sayansi aliyoisoma kwa Kiswahili, usanisinuru aliufafanua mpaka mwalimu wake akafurahi. Umtajie jambo hilohilo kwa jina la Kiingereza, anakukodolea macho. Anakijua kitu na hajui kwamba anakijua. Mwezi wa pili amenyamaza, mwezi wa tatu anaitwa mzito. Sisi tunaowapoteza watoto kwenye daraja hili kila mwaka ndio watu wa kwanza duniani tunaopaswa kumwelewa kijana wa Nyarugusu aliyenyamaza darasani Kentucky. Na tofauti yake na huyu wetu ni kwamba huyu wetu ana miaka 14 na muda wa kupona. Yule ana miaka 17.

Hiyo miaka 17 yenyewe. Angalieni vitambulisho vya wakimbizi mtashangaa ni wangapi wamezaliwa Januari mosi. Asiyejua tarehe, au asiye na karatasi ya kuithibitisha, huandikiwa hiyo. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 Marekani iliwapokea vijana wa Sudan Kusini zaidi ya 3,000 waliokuwa kambi ya Kakuma, Kenya, wengi wao bila wazazi. Umri wao ulikadiriwa kwa macho. Aliyekadiriwa chini ya miaka 18 alipewa familia ya kumlea na dawati la shule. Aliyekadiriwa amevuka 18 alipewa chumba na wenzake na kutafutiwa kazi. Vijana waliotembea pamoja kutoka Sudan wakatenganishwa na kalamu ya mtu aliyekisia. Kwa hiyo mzazi yeyote wa kambini, na afisa yeyote anayeandika fomu pale, naomba ajue kwamba anapoandika mwaka wa kuzaliwa wa mtoto anaandika pia atasoma miaka mingapi.

Sasa niseme juu ya ndoto zenyewe, maana hapa ndipo napata hasira.

Watafiti waliowauliza vijana wakimbizi huko Marekani, Australia na Uingereza hukutana na jambo hilohilo mara kwa mara: matamanio yao ya elimu ni makubwa. Darasani kwangu nilikuwa nauliza pia. Daktari. Nesi. Mwanasheria. Mwalimu. Na moja ambayo hapa Dar sijawahi kuisikia: “nataka kuwa mtu wa UNHCR,” yaani shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi. Ukitulia utaona hizo ndizo kazi walizoziona kwa macho yao. Daktari wa kituo cha afya, mwalimu, mwanasheria aliyekuja kumhoji baba, na yule wa gari jeupe lenye antena ndefu. Katika miaka sita hakuna aliyenitajia mpima ardhi, mhasibu, fundi wa majokofu au mhandisi wa maji, ingawa maisha yao yote yalitegemea bomba. Mtoto hatamani kazi ambayo hajui kwamba ipo.

Wapo wanaosema ndoto hizo ni kubwa mno, tuwashushe taratibu wasije wakaumia. Nawakatalia. Nimemwona binti aliyeshushwa. Alifika Iowa na udaktari wake moyoni. Mshauri wa ajira akamwelekeza kwenye usaidizi wa wauguzi, kozi fupi ambayo sheria ya Marekani inataka isipungue saa 75 za mafunzo. Kazi yake ni kuwaogesha, kuwageuza na kuwalisha wazee kwenye nyumba za kuwatunzia. Kazi ya heshima, na mama yake alifurahi kwa sababu kodi ya nyumba ililipika. Binti alilia wiki nzima. Aliona hukumu imeshatolewa.

Mshauri hakumwongopea. Alichoacha ni kumwambia kwamba pale amesimama kwenye kidato cha ngazi. Baada yake kuna mafunzo ya mwaka mmoja hivi ya leseni ya uuguzi ya kuanzia, kisha chuo cha jamii cha miaka 2 unakuwa muuguzi kamili, kisha shahada, na milango mingine huko juu. Sisi ngazi hiyo tunaijua. Cheti, stashahada, shahada. Nani hapa hamjui afisa tabibu aliyerudi chuo akiwa na watoto wawili akatoka daktari? Kwetu ni jambo la kawaida kiasi kwamba hatuoni kama ni maarifa. Kwa binti yule ilikuwa siri. Aliyemfungulia, mwaka mzima baadaye, ni nesi wa Kitanzania, mwenyeji wa Moshi, waliyepangwa naye zamu ya usiku. Alimchorea ngazi nzima nyuma ya karatasi ya ratiba, kwa Kiswahili, saa kumi alfajiri, wakinywa chai. Ndugu zetu walioko huko nje ni wengi. Ningependa kila mmoja wao ajue kwamba nusu saa yake ina thamani kuliko semina.

Kuna kazi nyingine vijana hawa wanaifanya bila kujua kwamba ni kazi. Wakifika, watoto ndio wanaowahi lugha, kwa hiyo watoto wanakuwa wakalimani wa nyumba. Hospitali na mama, benki na baba, mwenye nyumba akigonga mlango ni mtoto wa miaka 13 anayejibu. Wasichana ndio wanaobeba zaidi, na siku za shule zinakatika. Nimemsikia mmoja akieleza jinsi alivyolazimika kumtafsiria mama yake habari za ugonjwa wa mama huyohuyo. Mtoto asibebeshwe hilo. Hospitali za kule zinazopokea fedha za serikali zinatakiwa kutoa mkalimani. Mzazi aambiwe kabla hajapanda ndege kwamba ana haki ya kumdai. Na binti akishakua, aambiwe kwamba ukalimani wa Kiswahili hospitalini na mahakamani ni taaluma, inasomewa, inalipwa. Majimbo ya Marekani yana muhuri unaowekwa kwenye cheti cha sekondari cha mwanafunzi aliyethibitisha kumudu lugha mbili, California ndiyo iliyoanza. Sisi kila tarehe 7 Julai tunaadhimisha Siku ya Kiswahili Duniani kwa ngoma na mashairi. Mwaka mmoja tuiadhimishe kwa kuwaandalia vijana hawa mtihani.

Mtaniambia, mwalimu, nchi yetu ina mizigo yake, haya yote tutayaweza wapi? Nendeni Mazimbu, Morogoro. Baada ya machafuko ya Soweto mwaka 1976 vijana wa Afrika Kusini walimiminika huku wakiwa wameacha shule. Tanzania ilikuwa maskini kuliko ilivyo leo. Ikawapa ANC, chama chao cha ukombozi, shamba la mkonge lililokuwa limeachwa, nao wakajenga Chuo cha Solomon Mahlangu, kilichoanza 1978, kuanzia watoto wachanga hadi sekondari, pamoja na hospitali, karakana na mashamba. Walisomeshwa kwa ajili ya nchi ambayo ilikuwa bado haijazaliwa, na waliowasomesha walikuwa wamekwisha kuulizana itahitaji walimu wa aina gani na mafundi gani. Mwaka 1992 wakatukabidhi, leo ni sehemu ya Chuo Kikuu cha Sokoine. Na hapahapa Dar es Salaam, mwaka 1963, ilianzishwa Taasisi ya Msumbiji kwa ajili ya vijana waliokimbia Wareno, chini ya uongozi wa Janet Mondlane. Mji huu umewahi kumtazama kijana mkimbizi ukamwona waziri wa kesho. Ustadi huo hatujauzika, tumeuweka kabatini.

Wanafunzi wa chuo kikuu mlioko nyuma, hili ni lenu. Kanada, tangu 1978, wanafunzi huchanga kidogokidogo kupitia ada zao ili mkimbizi mmoja aletwe asome nao chuoni. Wenyewe, wanafunzi kwa wanafunzi. UNHCR walisema mwaka 2023 kwamba ni kama asilimia 7 tu ya vijana wakimbizi duniani waliofika elimu ya juu, baada ya kukaa muda mrefu kwenye asilimia 1, na wanataka ifike 15 kufikia 2030. Sijaja na kapu la mchango. Nimewatajia mjue kwamba wenzenu wa umri wenu wamelifanya.

Na lipo jambo ambalo siwezi kulipita hata kama linaumiza. Januari 2025 Marekani ilisimamisha mpango wake wa kupokea wakimbizi. Kambini kulikuwa na watu waliokwisha kugawa vyungu na magodoro kwa majirani. Kulikuwa pia na vijana waliokwisha kuacha shule. Hilo ni gonjwa la zamani Nyarugusu: mahojiano yakianza tu, kijana anatupa daftari, anasema nitasoma huko. Mahojiano yanachukua miaka. Anafika huko, au hafiki, akiwa na pengo ambalo hakuna mtu aliyemlazimisha kulichimba. Nilikuwa nawaambia, mwanangu, soma mpaka siku ya basi. Wengine walinisikia.

Ninachokiomba ni kidogo na nimekifikiria. Shule za kambini zitoe ripoti zenye muhuri kila mwisho wa muhula, apewe mtoto mkononi, na nakala ihifadhiwe kwa picha mahali ambapo mvua haifiki. Iandikwe kwa Kifaransa na Kiingereza, na chini yake mistari mitatu inayoeleza kwamba 62 ya hapa ina maana gani. Mashirika yanayojaza ule mfuko mweupe yaiweke hiyo karatasi pamoja na eksirei. Kiingereza kiongezwe vipindi kwa wale ambao kesi zao zimeanza, na nani hapa hajui kwamba walimu vijana wasio na ajira tunao? Na watu wa kazi mbalimbali, fundi umeme, mhasibu, nahodha, waruhusiwe kuingia pale siku mojamoja kuwaeleza watoto wanafanya nini kutwa.

Kijana wangu je? Mwaka uliofuata nilikwenda Kasulu kwa msiba wa rafiki, nikaomba kibali, nikaingia hadi kwa mwalimu mkuu wake wa zamani. Ofisi ilikuwa imevuja, mchwa wamekula rafu ya chini. Buletini zilikwisha kuoza. Lakini mzee yule alikuwa na rejesta kubwa ya darasa, ameifunga kwa nailoni, ameiweka juu ya dari. Tukaifungua mezani. Nikapiga picha ukurasa, akagonga muhuri, akaandika barua kwa mkono wake. Shule ya Kentucky ilikubali hisabati na fizikia, ikakataa mengine. Ilitosha. Kijana alihitimu akiwa na miaka 20, leo anasomea umeme wa viwandani katika chuo cha jamii, usiku, baada ya kazi.

Ukurasa huo ninao hapa kwenye simu. Una majina 43. Jina lake ni la 17. Wengine nimewapata Iowa, Texas, mmoja Adelaide, Australia, wawili bado wako kambini, jumla saba pamoja naye, na kila mmoja nimemtumia mstari wake na barua. Wamebaki 36. Kama kati yenu kuna mtu ambaye kanisani kwake, mtaani kwake, au kwa jamaa zake walioko nje kuna Mkongomani aliyesoma Nyarugusu miaka ile, naomba asiondoke kabla hatujaonana. Nitakuwa pale mlangoni, upande wa kushoto, na chaja ninayo.